Matope ya Ijumaa Ile

Mwanangu Zuwena,

Salamu sina haja ya kukuletea kwa karatasi, maana uko chumba cha pili na nakusikia unavyogombana na zipu ya sanduku. Naandika kwa sababu nikikaa mbele yako nitaanza mzaha, na nikishaanza mzaha ndiyo nimekwisha kimbia. Unanijua. Jua la alasiri bado liko ukutani. Nataka nimalize kabla halijaondoka, niiweke barua hii chini ya lile kopo lako la maziwa ya unga, uisome leo leo kabla hujalala.

Mambo ya koti, ya dawa ya kifua, ya kutokaa na soksi mbichi, mama yako ameshakwambia mara nne, na ya tano itakuja kesho garini. Mimi siyagusi hayo. Nina jambo moja tu, na linahusu lile kopo.

Najua lina nini ndani. Juzi nilikuona umechutama shambani kwa mama yako, pale penye vigogo vya mitende iliyokufa, unachimba kwa kijiko cha chai na kulijaza udongo. Ukanambia, "Baba, nitaupeleka kwa walimu wangu Inglandi waupime. Lazima nijue mitende zile zilikufa kwa nini." Nikakutania kwamba mitende ni ile, si zile, kwamba Kiswahili chako kimeliwa na jangwa. Ukacheka. Mimi nikaingia ndani haraka kwa sababu uso ulikuwa unaniwaka.

Kila mgeni aliyekuja kukuaga wiki hii amelisikia neno hilo. Unakwenda kusomea udongo na maji kwa ajili ya mitende ya mama. Watu wanasema mashaallah, mama yako anajifuta macho kwa pembe ya mtandio, na mimi nainuka kwenda kutazama kahawa ambayo haihitaji kutazamwa.

Mwanangu, mitende ile haikufa kwa ugonjwa. Haikufa kwa ukame, na Bwana Khalfan, mgawa maji, hakuyaiba maji yake. Niliiua mimi. Maji ya mama yako niliyamwaga kiwanjani ili gari zishindane vizuri siku ya Ijumaa.

Basi, nimeshalisema. Nimeweka kalamu chini nikanywa maji, na nyumba bado imesimama. Sasa nikueleze ilivyokuwa, nawe usinihurumie njiani.

Tulipofika hapa Omani, Ibra, ulikuwa huna hata miaka miwili. Mimi nilikuja na mabegi mawili na leseni ya udereva ya Unguja. Mama yako alikuja na karatasi ya marehemu baba yake. Babu yako Said aliondoka hapa kijana, akafungua duka Unguja, akafia huko huko, lakini shamba lake la mitende hakuliuza, wala sehemu yake ya maji ya falaj. Wewe umekulia kando ya falaj, huoni ajabu mfereji kutoka chini ya mlima kwenda mji mzima na kila mtu ana zamu yake kwa kipimo. Mimi niliona kichekesho. Mama yako aliponisomea kwamba amerithi athar tatu kila Jumatano asubuhi, na nilipoelezwa kwamba athar moja ni kama nusu saa ya maji, nilicheka mpaka machozi. Nikamwambia, "Watu hurithi majumba, wewe umerithi saa moja na nusu."

Yeye hakucheka. Mimi ni mtoto wa Unguja, kwetu mvua inakuja bila ya kuitwa na bomba la mtaani lilikuwa likivuja kutwa hakuna anayeligeukia. Sikujua kwamba katika nchi hii saa moja na nusu ndiyo nyumba yenyewe. Nilikuja kujua, lakini nilijua kwa akili tu, na kwa akili tu mtu hufanya mengi.

Nilipata kazi ya kuendesha boza, lori la tangi la maji, katika kampuni iliyokuwa ikijenga barabara. Kutwa nzima namwaga maji juu ya udongo ili greda lipite. Nyumba niliyolala ilikuwa ya mke wangu, shamba la mke wangu, na lugha ya watu. Kiarabu changu kilikuwa cha kuswalia na cha kununulia mkate. Nikisema neno sokoni vijana walikuwa wanatazamana, na mmoja lazima aseme "Zanjibari" kwa sauti ambayo haikuwa tusi wala haikuwa salamu. Nakwambia haya si kujitetea. Nataka ujue njaa niliyokuwa nayo, kwa sababu kesho kutwa na wewe utakuwa mgeni wa watu.

Dereva wa greda alikuwa Sefu. Unamkumbuka, yule mnene aliyezaliwa Bujumbura, aliyekuwa akikuletea biskuti. Sefu alikuwa ameshindana na gari huko bara, kwenye njia za udongo mwekundu, na alikuwa hawezi kuona ardhi tupu bila ya kuifikiria. Ndiye aliyekwangua kile kiwanja kando ya wadi, ule mto mkavu, chini ya ukuta wa mwisho wa shamba la mama yako, duara refu lenye kona mbili. Tulikuwa na ruhusa ya kutumia greda na boza siku za mapumziko. Watu wakaleta pikapu zao na gari za saluni kuukuu zilizotolewa vioo.

Mashindano ya kwanza yalikuwa aibu. Gari ya mbele iliinua vumbi, na nyuma yake hukuona tena kitu. Tulisimama juu ya ukuta tunasikia injini tu. Vumbi liliposhuka, gari zilikuwa zimepangana vile vile zilivyoanza. Sefu akatema mate ya udongo akasema, "Hii si resi, bwana. Hii ni harusi, gari zinafuatana tu. Treki ikikauka hakuna mashindano."

Nikamuuliza kwa nini, akanichukua tukatembea kiwanja kizima kwa miguu. Akanionesha kwamba ardhi kavu inabakisha mstari mmoja tu mgumu, unaong'aa, ambao tairi linaushika. Pembeni kote ni mchanga uliolegea. Dereva akitoka kwenye mstari hatua mbili anateleza na kuachwa, kwa hiyo hakuna anayethubutu kutoka. Anayewahi kona ya kwanza ameshashinda, hata kama gari yake mbovu na yeye mwenyewe hajui kuendesha. Wengine wote wanakula vumbi lake na hawajui hata wanamfuata nani.

"Lakini treki ikiwa na maji ya kutosha," akasema, "tairi inauma popote. Mmoja anapita ndani, mmoja anapita nje. Hapo ndiyo utajua nani dereva."

Maji. Mimi nilikuwa mtu wa maji. Nilimwaga boza zima asubuhi ya Ijumaa iliyofuata, na gari ya kwanza ilipofika kwenye kona ikazunguka mara mbili na kuingia kwa muuza matikiti. Juu kulikuwa na utelezi wa sabuni, chini kukavu vile vile. Watu walicheka wiki nzima. Lakini mimi niliingiwa na wazimu wa kutaka kuijua ile ardhi, na pole pole nikaijua. Maji hayamwagwi siku ya mashindano. Yanaanza siku moja kabla, kidogo kidogo, jua likishalegea, unasubiri yazame, unaongeza, unasubiri tena, mpaka ukichimba urefu wa shubiri unakuta baridi. Ukingo wa udongo laini unaosukumwa na tairi upande wa nje usiukwangue, uache, maana dereva wa nje anauegemea asitoke. Mashimo uyazibe kwa udongo wa wadi, si kwa mchanga. Ijumaa yenyewe unanyunyiza tu, basi. Sefu hata aliniagizia lori moja la udongo wa chumvi kutoka upande wa Sur, kwa kuwa chumvi inashika unyevu. Ilifaa, ingawa ilikula gari za watu kwa chini.

Miezi michache baadaye walikuwa wanakuja kutoka Mudhaibi, kutoka Al Kamil, wengine kutoka Sur na samaki wao ndani ya barafu, wawachome wakishamaliza kutazama. Gari tatu zinaingia kwenye kona bega kwa bega na hakuna mtu ukutani aliyejua ipi itatokea mbele. Kabla ya kuanza, madereva walikuwa wanakanyaga ardhi kwa kisigino, kisha wananitazama mimi. Wanauliza kwa Kiarabu, "Zanjibari anasemaje?" Safari hii neno lile lilikuwa tamu. Nasema leo pitieni nje mpaka mzunguko wa tano, na watu waliozaliwa hapa, baba zao na babu zao wamezaliwa hapa, wanaitikia kwa kichwa na kunitii. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimejaa. Zuwena, nilipenda kuwa mtu. Nilipenda kupita kiasi.

Kisha mvua ikakatika. Mwaka wa kwanza watu walisema itakuja, mwaka wa pili waliacha kusema. Kampuni ikatukataza kuchota maji ya kisima chake kwa ajili ya mchezo, na ilikuwa na haki. Sefu akasema basi tufunge mpaka Mungu atakapoleta. Mimi nikasema nitatafuta.

Kazi ya maji ya shamba mama yako alikuwa ameniachia mimi, kwa sababu Jumatano asubuhi yeye alikuwa kazini zahanati. Bwana Khalfan, arif wa falaj, ndiye msimamizi wa zamu. Anakaa pale penye kijiti kilichochomekwa ardhini, anatazama kivuli kinavyotembea juu ya mawe, kikifika jiwe la mtu anaziba huku na kufungua kule. Jumatano hiyo kivuli kilipofika jiwe la Said nikamwambia, kwa Kiarabu changu kibovu, asiyageuze maji kwenye mitende, ayaache yapite moja kwa moja mpaka kwenye hodhi nililochimba chini ya ukuta.

Akaniuliza, "Ni amri ya nani?"

Nikasema, "Mimi ndiye mume."

Akanitazama, akatazama kivuli, akainama akaziba kwa jiwe na tambara. Ilikuwa athar moja tu, wiki ile. Wiki iliyofuata mbili. Baada ya mwezi nilichukua zote tatu. Jumatano naweka hodhini, Alkhamisi navuta kwa boza na kulowesha, Ijumaa nanyunyiza. Mtende hauinamishi kichwa kwa wiki moja kama mchicha. Unakaa kimya umesimama, na mimi nikajidanganya kwamba kukaa kimya ni kuridhika. Mama yako akiuliza mbona mashina makavu, nasema falaj imepungua, na kweli ilikuwa imepungua, kwa hiyo sikuona kwamba nasema uwongo. Lakini majirani mitende yao ilikuwa kijani, na yeye ana macho.

Sasa nifike Ijumaa yenyewe.

Ile ndiyo siku niliyotengeneza ardhi bora maishani mwangu. Nchi nzima imekauka, na kile kiwanja kilikuwa cheusi, kigumu, kina baridi, ukikanyaga unaacha alama lakini kiatu hakichafuki. Hakuna vumbi. Sefu alikuwa na pikapu yake, na kijana mmoja wa Jalan alikuwa na saluni ya bluu. Walibadilishana mbele mara tisa au kumi, huyu ndani, yule nje kwenye ukingo, mpaka kwenye kona ya mwisho walipotoka sawa sawa na Sefu akashinda kwa urefu wa bampa. Watu walishuka ukutani. Hawakumbeba Sefu. Walinibeba mimi. Wazee na mabakora yao wananipiga begani, wanasema hawajaona kitu kama hiki. Waliponishusha kwenye tope la hodhi, kanzu yangu ilikuwa imejaa matope mpaka magotini.

Nikarudi kwa kupitia shambani, naimba. Nikamkuta mama yako ametoka nyumbani na ndoo mbili, na wewe nyuma yake na birika la chai umelishika kwa mikono miwili, mnatia maji kwenye mtende mmoja mmoja. Ulikuwa na miaka kumi. Birika la chai, Zuwena. Maji yake yalikuwa yananyweka kabla hujainua mdomo wa birika.

Ukaniona. Ukatazama kanzu yangu, macho yakakutoka. Ukasema, "Baba, una matope. Kumenyesha?"

Mama yako naye akainua kichwa. Nilikuwa na nafasi pale. Nikasema, "Ndiyo. Kidogo tu, upande wa wadi."

Wewe ukaweka birika chini ukakimbia kwenda kutazama mvua.

Nimekuwa nikikusikia unakimbia miaka saba sasa. Ulirudi baada ya kitambo, umetazama mbinguni kote, ukasema imeshakwenda. Mama yako akasema alhamdulillah kwa hiyo kidogo, akaendelea na ndoo.

Jumatano iliyofuata aliomba ruhusa kazini ili akasimamie maji mwenyewe. Aliponambia nilishikwa na hofu, nikatangulia kwa Bwana Khalfan alfajiri nikamwambia leo yote yaende mitendeni. Akanitazama tena vile vile. Kwa hiyo mama yako alipofika na wewe umemshika mkono, na kivuli kilipofika jiwe la baba yake, maji yalikuja mengi, yanameremeta, yanajaa kila shimo. Nilidhani nimeliokoa jambo, kumbe nimemfunga kamba mzee wa watu.

Mama yako akayatazama yale maji, kisha akamgeukia. Akasema kwa sauti, watu wanasikia, "Leo kwa kuwa nimesimama mwenyewe yamejaa tele. Wiki zote hizi ulikuwa ukiyapeleka wapi, ewe Khalfan? Kwa sababu baba yangu alifia ng'ambo ndiyo hakuna wa kutazama haki yake?"

Bwana Khalfan hakumjibu yeye. Aliniangalia mimi. Mimi niliangalia kivuli cha kile kijiti, na sijapata kukiangalia kitu kwa bidii namna ile. Kisha akasema, "Allah karim, ya bint Said," na kivuli kilipofika jiwe la mbele akaziba mfereji wetu, akamfungulia mwenye zamu inayofuata.

Tangu siku ile mama yako hakumjibu salamu, na wewe ukamfuata mama yako. Umri wote huu umempita mzee wa watu njiani bila ya shikamoo wala salaam alaykum, na mimi niliyekufundisha kusalimia kila mtu nilikuwa naona. Ningependa kukwambia kwamba angalau niliacha pale pale. Sikuacha. Mama yako aliporudi kazini nilichukua maji ya Ijumaa tatu nyengine. Aliyesimamisha ni Sefu. Aliniuliza haya maji unayatoa wapi, nikamwambia kwa kujisifu, nikidhani nimefanya ujanja. Akaegesha greda, akazima, akanipa ufunguo. "Mimi sichezi resi juu ya mitende ya shemeji," akasema, na hakurudi tena kiwanjani. Bila ya greda hakuna kiwanja. Barabara ya lami ilipopita kampuni ikahama, na Sefu akaenda nayo. Lakini mitende ilikuwa imeshakwisha. Nilipoirudishia maji yake yote, ilikuwa kama kumwamsha mtu aliyekufa.

Nimefikiri sana jinsi nilivyokuwa hodari wa kuweka unyevu pale ambapo watu wananitazama. Humu ndani nilikausha. Nilibakisha mstari mmoja, uwongo wangu, na wewe na mama yako mkanifuata kwenye vumbi langu hamuoni mbele. Mkamchukia mtu niliyewaonesha mimi bila ya kunyoosha kidole.

Sina wasia mrefu. Huko uendako watakuita kwa jina la unakotoka, nawe utatamani wakuite kwa jina lako. Ni haki yako, tamani. Ila siku ile watakapokupigia makofi, geuka kidogo uone nani amebeba birika. Na ukiulizwa swali jepesi mbele ya watu unaowapenda, jibu la kweli linatoka siku hiyo hiyo kwa urahisi. Mimi lilinichukua miaka saba, na limetoka kwa sababu tu wewe umechukua kijiko na kopo.

Kopo lipeleke ukitaka. Walimu wako watauchambua ule udongo na kukwambia una chokaa, una chumvi, umekosa maji. Jina langu hawatalikuta humo. Ndiyo maana nakuandikia.

Bado kitu kimoja, nacho kinaniuma kuliko vyote.

Mwezi uliopita Bwana Khalfan alikuja mlangoni na kikapu cha rutab, tende mbichi zilizoiva, nyekundu, za aina ya khasab, zile zinazochelewa kuiva nyengine zimeshakwisha. Alikuja mwenyewe, na miguu yake ile. Wewe ulifungua. Ukamwambia kwa Kiarabu safi, "Sisi hatuli tende za maji ya wizi," ukamrudishia kikapu. Mimi nilikuwa barazani nyuma ya pazia na kikombe cha kahawa mkononi. Nilisikia kila neno. Sikuinuka.

Kesho yake nilikwenda kwake. Nilitaka kusema yote haya, nikaanza kuzungumza habari za joto. Akanishika mkono akanipeleka pembeni mwa shamba lake, kwenye mtende mmoja mfupi, mnene, umejaa mikungu. Akasema, "Huyu ni binti wa mtende wa Said. Nilimtoa kwa mama yake kabla mama hajafa."

Unaukumbuka ule mtende mfupi wa pembeni ambao babu yako aliupanda alipokuja mara ya mwisho kutembea? Ulikuwa na chipukizi shinani. Bwana Khalfan aliona kinachokuja. Alilikata lile chipukizi akalipanda kwake, na miaka yote hii amelinywesha kwa zamu yake mwenyewe, katika ukame ule ule. Huu ndio mwaka wa kwanza limezaa vizuri, na zile alizokuletea zilikuwa zake za kwanza. Rutab ulizozirudisha zilikuwa za mama yako.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akajibu, "Ningesema ningevunja nyumba. Mimi nimepewa kugawa maji, sikupewa kugawa watu." Akanichumia chache. Nikazila zote, na bado msamaha sikuutamka. Nilirudi nyumbani nikakaa mwezi mzima nikikuona unapakia sanduku.

Leo baada ya adhuhuri nimemwambia mama yako. Alikuwa anakunja kanga zako. Nilimwambia kuanzia hodhi mpaka kikapu, bila ya mzaha hata mmoja. Aliniuliza jambo moja tu. "Hata siku ile niliyomsema Khalfan pale penye kivuli, ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua.

Akaimaliza kanga aliyokuwa akiikunja, akaiweka juu ya nyenzake, akavaa buibui akatoka. Wewe ulidhani amekwenda dukani. Jua limeshaondoka ukutani sasa na bado hajarudi, na mimi nimeandika barua nzima sikio langu likiwa mlangoni.

Kesho gari itasimama kwa Bwana Khalfan kabla ya kushika njia ya Maskati. Nitashuka mimi kwanza, na nitayasema mbele yako yale ambayo sikuyasema mbele yako ulipokuwa na miaka kumi. Wewe ukitaka shuka, ukitaka kaa. Sitakulazimisha kumsalimia mtu tena, wala kumnyima.

Nimesikia mlango. Ngoja.

Ni yeye. Miguu yake ina tope la mferejini mpaka kwenye vifundo, na ana kikapu. Amepita mbele yangu, ameingia jikoni, nimesikia anasuuza. Nikamfuata mpaka kizingitini. Amezipanga rutab kwenye sinia, nyekundu zote, akazifunika kawa. Macho yamemvimba. Akasema bila ya kunigeukia, "Hizi za Zuwena. Wewe usiguse."

Ziko jikoni, mwanangu, chini ya kawa. Sijagusa.

Baba yako